Maranda, mchanga, udongo wa dukani au magazeti? Kupunguza harufu ya choo cha watoto wengi wa paka

Paka wetu alizaa watano mwezi wa Februari, chini ya kitanda, katika nyumba ya vyumba viwili hapa Migosi, Kisumu. Wiki tatu za kwanza hapakuwa na harufu yoyote, maana mama mwenyewe huwaramba watoto wake na kumeza kila kinachowatoka. Wiki ya nne wakaanza kutambaa hadi nyuma ya mlango na kuchutama. Kufikia mwisho wa Machi mvua ilikuwa imeanza, madirisha yamefungwa, na jirani wa mlango wa pili akaniita kando ya kamba ya nguo.

"Mama Baraka, usinielewe vibaya," akasema kwa sauti ya chini. "Harufu ya paka inaingia mpaka kwangu, na unajua mtoto ana pumu."

"Pole sana, mama. Nipe wiki moja."

Wiki hiyo ilizaa nyingine. Tangu wakati huo nimetumia maranda, mchanga, udongo wa dukani na magazeti kama tandiko la beseni wanalofanyia choo, kila kimoja kwa muda wa kutosha kukijua, na watu wanaolea paka wengi ndani ya nyumba ndogo huniuliza wachague kipi. Jibu hutegemea umri wa watoto, nani anabaki nyumbani mchana, na una uwanja au huna.

Harufu inatoka wapi

Mkojo wa mtoto wa paka ukiwa bado wa moto haunuki sana. Ndani yake mna urea, na bakteria waliomo kwenye beseni huivunja urea hiyo ikatoa amonia, ile harufu inayochoma pua na kuleta machozi. Joto na unyevu huwapa bakteria kasi. Kisumu tuko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na mchana joto hukaribia nyuzi 30. Nakuru iko karibu mita 1,850, na ile baridi yake humpa mtu nafasi. Ndugu yangu anayeishi huko hukaa siku mbili na beseni ambalo kwangu lingekuwa limeanza kuwasha macho kufikia jioni.

Kinyesi hunuka papo hapo, kisha kikifukiwa au kukauka hutulia. Mkojo huanza kimya na kuzidi kadiri unavyolala. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ni kitu gani kitafunika harufu. Uliza mkojo utakwenda wapi ukishatoka kwa paka, na wewe utautoaje humo ndani kabla haujageuka. Watoto wa paka wenyewe wanakuhitaji ufanye hivyo, kwa sababu pua zao ziko sentimita chache tu juu ya beseni na amonia inawasha njia ya hewa. Mafua yao mengi hayaponi vizuri kama wanapumua hewa hiyo usiku kucha.

Vipimo nilivyotumia

Kila tandiko nimelipima kwa mambo manne. Mkojo: linaunyonya au linauacha utiririke hadi chini? Usalama: watoto wa wiki 4 hadi 10 huonja kila kitu, kwa hiyo wakilimeza au kulivuta puani itakuwaje? Mfuko: linapatikana wapi na linadumu siku ngapi? Na kazi: kuchota, kufua, kubeba, kutupa. Harufu yenyewe sikuipa kipimo chake, kwani ndiyo matokeo ya hayo manne.

Maranda

Nazungumzia yale makombo mepesi yanayojikunja kutoka kwenye randa ya seremala, yale yale wafugaji wa kuku wanayotandika bandani. Unga laini wa msumeno ni kitu kingine.

Mkojo. Maranda hunyonya vizuri, na yale ya saiprasi yana harufu yao safi inayosaidia kidogo. Palipolowa hugeuka rangi ya kahawia iliyokoza, kwa hiyo unapaona hata asubuhi kabla jua halijaingia. Lakini hayashikani kuwa donge. Ukiingiza kijiko, yaliyolowa na makavu hutoka pamoja, na usipochimba hadi chini unaacha tabaka la unyevu ambalo ndilo litakalonuka kesho. Tia kina cha sentimita 5. Ukitia machache, mkojo unafika sakafuni mwa beseni, na ukitia mengi, mtoto mdogo anazama na kuogopa.

Usalama. Hapa nilijifunza mengi kwa fundi mmoja kwenye barabara ya Kibos. Nilimkuta na marundo matatu, nikaanza kujaza gunia kutoka kwenye rundo la karibu, akanizuia mkono. "Hii ni ya saiprasi, ile ni ya mkaratusi. Hiyo unayochota, dada, ni mbao zilizopigwa dawa ya mchwa." Tangu siku hiyo siondoki kwa seremala bila kuuliza mbao zilitibiwa au hazikutibiwa. Epuka pia mwerezi, kwa kuwa mafuta yake ya harufu kali si mazuri kwa paka. Tatizo la pili ni vumbi. Gunia la kwanza nililileta na unga wake wote, na kufikia usiku watoto wawili walikuwa wakipiga chafya huku macho yakitoa maji. Sasa nachekecha nje kwa kipande cha waya wa kuchekechea mchanga wa ujenzi: unga unaanguka, makombo yanabaki. Mtoto akimeza kombo moja mawili kwa kawaida hayamdhuru.

Mfuko. Maranda ni rahisi sana. Mafundi wengi hukujazia gunia kwa pesa ya chai. Shida ni msimu. Aprili maranda mengi hulala nje na kunyeshewa, na maranda yaliyolowa huota kuvu ndani ya gunia. Chukua magunia mawili kabla ya mvua na uyaweke juu ya matofali, mbali na ukuta.

Kazi. Chota asubuhi na jioni, badilisha yote kila siku ya tatu ukiwa na watoto watano. Ni mepesi kubeba, ila hutawanyika. Miguu ya paka huyapeleka mpaka kitandani. Yaliyotumika huenda kwenye choo cha shimo au kwenye mfuko wa taka. Usiyamwage kwenye shamba la sukuma wiki, hata kama mbolea ya kuku unaimwaga huko.

Yanamfaa mwenye watoto wengi, pesa kidogo, na mtu nyumbani mara mbili kwa siku.

Mchanga

Hakuna kitu paka anachokielewa haraka kama mchanga. Watoto wangu walianza kufukua dakika ile ile nilipoumwaga, bila kufundishwa.

Mkojo. Kwa upande huu mchanga ni dhaifu kuliko yote. Haunyonyi, unachuja. Juu panaonekana pakavu na pasafi, nawe unafurahi. Siku ya tatu niliinua beseni upande mmoja ili nifagie chini yake, na maji ya manjano yakakusanyika kwenye kona ya chini, kama mchuzi. Nililazimika kutoka nje kupumua. Mkojo wote wa siku tatu ulikuwa umelala pale, chini ya mchanga mzuri mweupe. Dawa yake ni beseni la chini lenye magazeti, na juu yake beseni lingine lililotobolewa matundu madogo, lenye mchanga. Mkojo unashuka, wewe unatoa magazeti kila jioni.

Usalama. Mchanga haudhuru ukilambwa kidogo. Shida ni ulikotoka. Mchanga ulioachwa wazi kwenye ploti tayari umetumiwa na paka wengine, na mayai ya minyoo huweza kukaa humo muda mrefu. Na sisi wa magharibi tunawajua funza, ambao hupenda mchanga mkavu na humwingia paka kama wanavyomwingia mtoto. Umwagie maji yanayochemka kwanza, kisha utandaze juu ya bati juani mpaka ukauke kabisa.

Mfuko. Ukiwa na jirani anayejenga, utapata karai mbili bila shida, nao unatumika tena na tena.

Kazi. Ni mzito. Kuufua na kuuanika kila siku tatu kunahitaji uwanja, maji na jua, na mvua ya Aprili hukunyima jua. Anayeishi ghorofa ya tatu huko Kondele asijaribu.

Unamfaa mwenye uwanja, na paka ambao tayari wanakataa kutumia kitu kingine.

Udongo wa dukani

Huuzwa kwenye maduka makubwa na maduka ya vyakula vya wanyama, na uko wa aina mbili. Soma mfuko kabla ya kulipa. Aina moja hunyonya tu. Nyingine, iliyotengenezwa kwa bentonaiti, aina ya udongo unaovimba ukilowa, hushikana na kuwa donge gumu pale mkojo ulipoangukia.

Mkojo. Ule wa madonge ndio bora kuliko yote niliyotumia. Unachota donge zima na mkojo wote umo ndani yake, unabaki na udongo mkavu. Nikiwa na mama paka peke yake, beseni moja lilikwenda wiki mbili bila kubadilishwa lote, nikiongeza kidogo tu kila nikichota. Ule usioshikana hunyonya mpaka ushibe, kisha harufu hutoka yote kwa siku moja na inabidi umwage kila kitu.

Usalama. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Kile kinachofanya udongo ushikane ndani ya beseni kinaweza kuufanya ushikane ndani ya tumbo la mtoto anayeula, na watoto wadogo huula. Usitumie udongo wa madonge kwa watoto walio chini ya miezi 3 au 4. Hata ukubwani angalia makucha: baada ya kukanyaga palipolowa, vijidonge hukauka katikati ya vidole na paka huvitafuna kuvitoa. Chagua usio na manukato. Manukato hufurahisha pua ya mwenye nyumba, lakini paka anaweza kulikimbia beseni akaenda nyuma ya kochi.

Mfuko. Ni ghali kuliko yote, na ukiwa na watoto watano mfuko wa kilo 5 hauoni wiki.

Kazi. Ni chache sana, dakika tano kwa siku. Lakini usiumwage kwenye choo cha maji. Utavimba na kuziba bomba, na katika nyumba za kupanga bomba hilo ni la majirani wote.

Unamfaa mwenye paka mmoja au wawili waliokwisha kukua, anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku.

Magazeti

Yakate vipande vyembamba kama vidole, uyavuruge kwa mkono yawe laini.

Hunyonya kiasi na haraka, ila hayazuii harufu hata kidogo. Yakilowa lazima yatoke, na kwa watoto watano hiyo ni mara tatu kwa siku. Kwa usalama hayana mpinzani: hayana vumbi, hayashiki kidonda, na ndiyo ninayoweka paka anapotoka kuhasiwa, kwa siku kumi za kwanza. Hugharimu karibu bure, mama mboga na kinyozi wanayo. Watoto wa wiki ya nne na ya tano huyazoea vizuri ukiacha kipande kimoja kilicholowa kidogo ili wasikie harufu yao na wajue mahali.

Yanawafaa wanaoanza, wagonjwa, na nyumba yenye mtu muda wote.

Kuhusu jivu na maganda ya mpunga

Watu wa Ahero na Kano huuliza juu ya maganda ya mpunga, maana yako tele kwenye vinu. Nimeyajaribu. Ni mepesi na hayana gharama, lakini ganda la mpunga ni gumu na halinyonyi kama maranda. Mkojo huteleza juu yake kwenda chini. Ukichanganya nusu kwa nusu na maranda inakubalika.

Jivu nataka nilizungumzie zaidi, kwa sababu ndilo shauri la kwanza utakalopewa na kila mtu mzima mtaani. Bibi zetu walimwaga jivu kwenye choo cha shimo na harufu ikapungua, na walikuwa sahihi: jivu hukausha kinyesi na kuwasumbua bakteria. Lakini kwenye beseni la paka tatizo kubwa ni mkojo. Jivu ni la magadi, na mkojo ulioanza kuvunjika ukikutana na magadi huachia amonia kwa nguvu zaidi. Niliwahi kunyunyiza gorogoro nzima ya jivu juu ya beseni lililolala, na chumba kikawa hakikaliki kwa nusu saa. Isitoshe, maji yanayochujwa kutoka kwenye jivu ndiyo yale yale tunayolainishia mboga za kienyeji, na yanachoma. Mtoto akikanyaga jivu lililolowa kisha akajiramba, anachomeka ulimi na nyayo. Liache jikoni.

Makaa ni nafuu. Weka vipande kwenye mkebe uliotobolewa, kando ya beseni, yavute unyevu. Usiyatie ndani.

Mambo yasiyobadilika, uchague tandiko lolote

Madaktari wa mifugo hushauri beseni moja kwa kila paka na moja la ziada. Kwa vyumba viwili vyenye paka sita hilo ni gumu, lakini moja halitoshi kabisa. Mimi nilitumia matatu kwa watoto wa chini ya wiki 12, na siku nilipotoka moja kwenda matatu harufu ilipungua kuliko siku niliyobadilisha tandiko. Si lazima ununue. Mtungi wa plastiki wa lita 20 uliolazwa ubavu na kukatwa juu hutoa trei nzuri. Upande mmoja ukate chini, sentimita 5 au 6, ili mtoto apande bila taabu, na kingo uzifunike kwa utepe wa gundi zisimkate. Liweke mbali na chakula.

Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, anika juani. Siki iliyochanganywa na maji huondoa amonia iliyobaki. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, kwani vikikutana hutoa gesi ya sumu. Na zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa ziweke mbali na paka kabisa; zina kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja. Plastiki iliyojaa mikwaruzo ya makucha hushika harufu hata ukiiosha vipi, basi ibadilishe.

Halafu tazama kinachoingia mdomoni. Nilikuwa nikiwapa maziwa ya ng'ombe na mgongo wazi wa mbuta, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, wenye mafuta mengi, na kinyesi kilikuwa uji. Nilipoacha maziwa, nikawapa maji na samaki aliyechemshwa na kutolewa miba, kikawa kigumu ndani ya siku chache. Minyoo pia hufanya hivyo: watoto hupewa dawa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 9, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Dozi hupimwa kwa uzito, mwachie daktari wa mifugo aipime.

Uchague lipi

Watoto wana wiki 4 hadi 6 na wewe uko nyumbani: magazeti. Hutayapenda, lakini ni wiki mbili tu, na watakuwa wamejifunza.

Wana wiki 6 hadi miezi 3, na mfuko ni mwembamba: maranda yaliyochekechwa, na karatasi moja ya gazeti iliyotandazwa chini yake ili kila kitu kitoke mara moja.

Una uwanja, jua na maji, na paka wako walizoea nje: mchanga wa mabeseni mawili, Desemba hadi Februari. Mvua ikianza rudi kwenye maranda.

Wamepita miezi 4, wengine umewagawa, umebaki na wawili, na unafanya kazi mchana kutwa: udongo wa madonge. Hapo gharama yake inaleta maana.

Kuna mjamzito nyumbani: yeye asiguse beseni, tandiko lolote liwalo. Mayai ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku 1 hadi 5 baada ya kutoka kwa paka ili yaweze kuambukiza, kwa hiyo mtu mwingine achote kila siku bila kuruka, akivaa glavu, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Kuna dume anayekaribia miezi 5 au 6: mkojo wake utabadilika na ataanza kurusha ukutani. Beseni halina jibu la hilo. Afanyiwe miadi ya kuhasiwa kabla hajaanza.

Na kama kuna mwenye pumu upande wa pili wa ukuta, kama kwetu: tandiko lisiwe na vumbi wala manukato, na mabeseni yasiegemee ukuta mnaochangia. Yangu niliyahamishia chini ya dirisha la jikoni, upande wa barabara, nikaongeza zamu ya tatu ya kuchota saa tatu usiku kabla ya kulala, maana saa ndefu kuliko zote za mkojo kulala ni za usiku. Maranda ya saiprasi, nachekecha mbali na milango. Wiki ya pili ya Aprili mama yule alikuja kuanika nguo, akasimama karibu na dirisha langu kwa muda, kisha akaniuliza kama wale paka bado wapo.

"Wapo wote watano," nikamwambia, nikafungua mlango aone.